Gobore Lijaribiwe kwa Ubao, Si kwa Mnyama

Mazungumzo na wanakisomo wa Mtendeli kabla ya msimu wa kuwinda



Leo hatutasoma habari za mbolea wala za kuchemsha maji ya kunywa. Mwezi wa sita umefika. Maharage yamekwisha kuvunwa, nyasi zimekauka, na wenzetu wenye leseni wameanza kusafisha bunduki zao. Kwa kawaida msimu wa kuwinda hufunguliwa tarehe 1 Julai. Kwa hiyo leo tuzungumze juu ya gobore.

Gobore ni bunduki inayojazwa kwa mdomoni. Kwanza unatia baruti, halafu kitambaa na risasi, kisha unashindilia kwa mdeki. Nyuma, juu ya kifa, unavalisha fataki. Jogoo la bunduki likigonga fataki, cheche hupita katika tundu la kifa na kuwasha baruti. Baruti ikiwaka hugeuka moshi mwingi kwa ghafla, na nguvu ya moshi huo ndiyo inayosukuma risasi nje.

Wengine mtasema: "Gobore tunalijua tangu enzi za babu zetu. Mwalimu atatufundisha nini?" Ni kweli, linajulikana. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu ilipita kati ya pwani, Tabora na Ujiji, na bunduki zilikuja kwa njia hiyo. Mirambo wa Unyamwezi, aliyefariki mwaka 1884, alikuwa na askari wengi wenye bunduki za namna hii. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikubaliana huko Brussels kuzuia bunduki mpya na bora zisiingie Afrika. Lakini bunduki za kale za kujazwa mdomoni hazikukatazwa kwa ukali ule ule. Mnaona? Bunduki bora walijiwekea wao, za kale wakatuachia sisi. Ndiyo maana gobore limekaa vijijini miaka mingi hivi.

Lakini kulijua gobore kwa jina si kulijua gobore lako. Tuwasimulie jambo tuliloliona.

BUNDUKI YA MAREHEMU

Mzee wetu mmoja katika kisomo hiki alirithi gobore la kaka yake. Hakulichukua tu. Marehemu alikuwa na leseni, na mzee alifuata njia ya polisi mpaka akapata leseni kwa jina lake mwenyewe. Bunduki ilikuwa imehifadhiwa mahali miaka miwili. Alipokabidhiwa, alirudi nalo nyumbani kwa furaha kubwa.

Siku hiyo hiyo alitaka kwenda nalo porini msimu ukifunguliwa. Alisema: "Kaka aliwindia miaka 20. Kuna haja gani ya kulijaribu?"

Tulimjibu: "Mzee, bunduki ni ya zamani, lakini kwako ni mpya. Mkono uliolijua umezikwa."

Alinyamaza kidogo. Kisha akakubali tulijaribu pamoja. Tulikubaliana kuanza na karatasi, halafu chuma, halafu baruti. Tufuate hatua hizo moja moja.

KWANZA, SOMA KARATASI

Tulimwomba mzee aisome leseni yake mwenyewe mbele ya wenzake. Alisoma polepole, kidole juu ya mstari. Jina lake lilikuwa sawa. Alipofika kwenye namba ya bunduki, mama mmoja aliyekuwa ameshika mtutu akisoma namba iliyogongwa kwenye chuma alisema:

"Baba, rudia tafadhali. Hapo mwisho umesema ngapi?"

"Nimesema saba, mwanangu."

"Hapa kwenye chuma pana moja."

Tuliangalia wote. Ni kweli. Chuma kilisema moja, karatasi ilisema saba. Tarakimu moja tu! Lakini kwa sheria, bunduki yenye namba nyingine ni bunduki nyingine. Mzee angekamatwa njiani, angeonekana ana silaha isiyo na leseni. Alirudi ofisini, karatasi ikasahihishwa. Ilimgharimu siku nne na nauli. Ni afadhali nauli kuliko kifungo.

Ndugu wanakisomo, sheria ni mbili na karatasi ni mbili. Silaha inatawaliwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Leseni ya silaha hupitia polisi. Mnyama analindwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Leseni ya kuwinda hutolewa na wakubwa wa wanyamapori. Kuwa na moja si kuwa na zote mbili. Mwenye bunduki ya halali anaweza kuwa jangili.

Leseni ya kuwinda nayo isome yote. Inaruhusu mnyama gani? Wangapi? Eneo gani? Silaha gani? Tangu tarehe gani mpaka tarehe gani? Kama gobore halikuruhusiwa kwa mnyama huyo, basi halikuruhusiwa. Usimwulize jirani, mwulize afisa wanyamapori wa wilaya. Kumbuka pia kwamba upande wetu wa mashariki liko Pori la Akiba la Moyowosi. Kuingia humo na silaha bila kibali ni kosa, hata kama hukuua hata ndege.

Na gobore lililotengenezwa kwa siri, lisilo na leseni? Hilo halijaribiwi, wala halifichwi darini. Lisalimishwe polisi. Mara nyingi mtutu wake ni bomba la maji, na bomba la maji halikutengenezwa kuzuia nguvu ya baruti. Litampasukia mwenyewe.

PILI, PIMA MTUTU KWA MDEKI

Karatasi iliporudi, tulilishika gobore lenyewe. Tulimwalika askari wa wanyamapori aje atusaidie, kwa sababu yeye amefundishwa kazi hii.

Askari aliuliza swali moja: "Je, lina kitu ndani?"

Mzee alicheka. "Miaka miwili halijaguswa. Litakuwa na nini?"

Askari alihakikisha kwamba hakuna fataki juu ya kifa. Alielekeza mdomo wa bunduki mahali pasipo na mtu. Alitumbukiza mdeki ndani polepole mpaka ukagota. Akaweka alama kwa kidole pale mdeki ulipotokea mdomoni. Kisha akautoa, akaulaza nje ya mtutu, ile alama ikiwa sawasawa na mdomo. Kama mtutu ungekuwa mtupu, ncha ya mdeki ingefika karibu na kifa. Haikufika. Ilipungua upana wa vidole vinne.

Gobore lilikuwa limejazwa.

Darasa zima lilikaa kimya. Marehemu alikuwa ameshindilia baruti na risasi siku moja, hakufyatua, na mauti yakamkuta. Miaka miwili bunduki hiyo ilikuwa na risasi ndani. Ilibebwa, ikawekwa, ikarudishwa, ikaingia nyumba yenye wajukuu watano. Watoto walikuwa wamekwisha kuishika.

Tufikiri pia kama mzee angefanya alivyotaka. Angetia baruti nyingine juu ya ile, na risasi nyingine juu ya risasi. Mtutu wenye mizigo miwili hupasuka. Na mtutu ukipasuka, uko mbele ya uso wako na mkono wako wa kushoto.

Askari alimimina maji katika tundu la kifa mpaka baruti ikalowa. Akaliacha hivyo kwa muda. Kisha kwa mdeki wenye ncha ya kuzungusha kama skurubu alitoa kitambaa, akatoa risasi, na mwisho bonge la baruti nyeusi. Mzee aliitazama ile risasi katika kiganja chake. Alisema: "Kaka yangu aliniachia hii."

Wengine husema ajali haina kinga. Ajali ya namna hii ina kinga. Kinga yake ni mdeki na alama ya kidole, kazi ya dakika moja.

TATU, KAGUA CHUMA

Mtutu ulipokuwa mtupu, tulikagua mambo haya:

1. Je, mtutu una ufa au mahali palipovimba? Ukiwa nao, usijaribu. Mpelekee fundi wa silaha anayetambuliwa.

2. Je, ndani mna kutu, tope, au nyumba ya nyigu? Kitu chochote kinachoziba mtutu kinaweza kuupasua.

3. Je, tundu la kifa ni safi? Likiziba, fataki italia na bunduki haitalia.

4. Je, jogoo linashika? Jogoo likiwa limelegea, linaweza kuanguka lenyewe ukiruka mfereji.

5. Je, kitako kimekaza, au kimefungwa kwa kamba?

NNE, TOA TAARIFA

Sasa tulikuwa tayari kufyatua. Lakini kwanza tulikwenda kwa mtendaji wa kijiji. Tulimwambia siku, saa na mahali. Tulimwambia tutapiga mara ngapi. Habari ikatangazwa kijijini siku moja kabla.

Kwa nini? Kwa sababu hapa kwetu mlio wa bunduki si mchezo. Tangu mwaka 1993 nchi yetu hii ya Kibondo na Kasulu imepokea watu wengi waliokimbia vita Burundi. Kambi ya Mtendeli ilifunguliwa tena Januari 2016 na ikafungwa mwaka 2021. Kuna watu miongoni mwetu ambao wakisikia mlio wa ghafla, mioyo yao hurudi kule walikotoka. Wengine hukimbia, wengine hupiga yowe, na sungusungu hutoka na mapanga. Mtu anayejaribu bunduki kimya kimya anaweza kuleta maafa bila kumpiga mtu yeyote.

TANO, ANDAA MAHALI

Tulichagua kichuguu kikubwa ili risasi ifie ndani ya udongo. Nyuma ya kichuguu hapakuwa na njia, shamba, kisima wala mizinga ya nyuki. Usipige kuelekea vichakani. Kichaka hakizuii risasi, na huwezi kujua kama kuna mama anayeokota kuni nyuma yake.

Tuliparua nyasi pale pa kusimama na mbele yake. Tuliweka ndoo mbili za maji na matawi mabichi. Gobore hutema kitambaa kinachofuka moshi, na mwezi wa sita nyasi zetu huwaka kama karatasi. Pembe ya baruti tuliiweka mbali, imezibwa. Wavutaji waliacha sigara zao kwa mwenyekiti wa kisomo.

SITA, KIPIMO NI KIMOJA

Baruti ya gobore ni baruti nyeusi peke yake. Tafadhali tusisahau jambo hili. Kuna watu hufungua risasi za kisasa, wakatoa baruti yake na kuitia katika gobore. Baruti hiyo ina nguvu kubwa kupita kiasi, na mtutu wa gobore hauiwezi.

Wengine hupima baruti kwa kiganja. Viganja vyetu havilingani. Hata kiganja cha mtu mmoja hakilingani asubuhi na jioni. Mzee alichonga kipimo cha mwanzi, kwa kiasi alichoonyeshwa na fundi wa silaha kwamba kinafaa mtutu ule. Akakata na kipimo cha pili, kidogo zaidi, cha kuanzia. Kila mara alijaza kipimo na kukilinganisha kwa ukingo wa kisu cha mbao, kama mama anavyopima unga dukani.

Tulimkumbusha pia kushindilia risasi mpaka ikae juu ya baruti kabisa. Ikibaki nafasi kati ya risasi na baruti, mtutu unaweza kupasuka. Alipofikisha risasi chini mara ya kwanza, alichora mstari kwenye mdeki. Tangu hapo mdeki wenyewe humwambia kama risasi imefika, au kama kuna mzigo wa pili.

SABA, FYATUA KWA MBALI KWANZA

Mara ya kwanza hakuna aliyeshika bunduki. Tuliilaza juu ya magogo mawili, tukaifunga, tukaielekeza kwenye kichuguu. Tulitumia kipimo kidogo. Kamba ndefu ilifungwa kwenye kifyatulio, na sote tulisimama nyuma ya miti. Mzee alivuta kamba.

Fataki ililia: ta! Bunduki haikulia.

Kijana mmoja alianza kukimbia kwenda kuangalia. Askari alimshika shati. "Hesabu mpaka 60," alisema. "Taratibu." Baruti inaweza kufuka ndani na kuwaka baadaye. Tulihesabu wote kwa sauti. Kisha askari alikwenda kwa upande wa nyuma, mdomo wa bunduki ukiwa bado unaelekea kichuguuni. Alisafisha tundu la kifa kwa waya mwembamba na kuvalisha fataki nyingine. Mzee akavuta tena. Mara hii ililia vizuri, moshi mweupe ukajaa. Tulikagua mtutu. Haukuwa na ufa.

NANE, ANDIKA

Halafu mzee alikaa, akaegemeza bunduki juu ya gunia la mchanga, akapiga ubao. Kila baada ya kupiga alisubiri, akasafisha mtutu kwa kitambaa chenye unyevu, ndipo akajaza tena. Cheche ikibaki ndani, huwasha baruti unayomimina. Na hakumimina kutoka katika pembe moja kwa moja. Alitumia kipimo, pembe ikiwa imezibwa na kuwekwa mbali.

Mama yule aliyesoma namba ndiye aliyeandika. Tunanakili daftari lake:

Hatua 25, kipimo kikubwa, mara 3. Zote zimeingia ndani ya alama ya sahani. Zimekwenda kulia kwa vidole vitatu.

Hatua 40, kipimo kikubwa, mara 3. Zote zimeingia ndani ya alama ya sinia.

Hatua 60, kipimo kikubwa, mara 3. Moja imeingia ndani ya sinia. Moja imepita pembeni. Moja haikuonekana.

Mzee alilisoma daftari mara mbili. Akasema: "Kumbe marehemu alikuwa akituambia anapiga mnyama kwa hatua 100." Watu wakacheka, naye akacheka. Lakini baadaye alisema neno ambalo hatukulitegemea: "Mwisho wangu ni hatua 40. Pongo akisimama hatua 50, nitamwacha aende."

Ndugu wanakisomo, hapo ndipo lilipo somo la leo. Mtutu wa gobore ni laini ndani, hauna mifuo ya kuizungusha risasi kama bunduki za kisasa. Risasi yake hupotea njia upesi. Mtu asiyejaribu hupiga kwa hatua 60 au 80 kwa kubahatisha. Mnyama hajafa, amejeruhiwa tu. Anakimbilia kichakani, anateseka siku mbili, nyama inaliwa na fisi. Kesho yake mtoto anakwenda kuchunga njia hiyo hiyo. Kama aliyejeruhiwa ni nyati, si lazima tuseme kitakachotokea.

Wanyama si wa mtu mmoja. Mwaka 1973 Serikali ilisimamisha uwindaji nchi nzima, na haukufunguliwa tena mpaka mwaka 1978. Mwindaji anayejua mwisho wa bunduki yake anatumia leseni yake sawasawa: mnyama mmoja, risasi moja.

Jioni mzee aliosha mtutu kwa maji ya moto na sabuni, akaukausha, akaupaka mafuta. Masizi ya baruti nyeusi yakiachwa usiku mmoja huvuta unyevu na kuleta kutu. Bunduki aliifungia mahali pake, tupu. Baruti na fataki alizifungia mahali pengine, mbali na moto. Ndani ya kifuniko cha sanduku alibandika karatasi aliyoiandika kwa mkono wake: kipimo cha baruti, kulia vidole vitatu, mwisho hatua 40, na mstari wa chini kabisa: PIMA KWA MDEKI KWANZA.

Tulimwuliza karatasi hiyo ni ya nani, maana yeye mwenyewe anajua. Alijibu: "Ni ya atakayelirithi."

Kaka yake alikuwa mwindaji hodari, lakini hakuandika. Yote aliyoyajua alikwenda nayo, akaacha risasi ndani ya mtutu. Sisi tumejifunza kuandika. Tusiwaachie watoto wetu bunduki bila maneno yake.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini namba ya kwenye chuma na namba ya kwenye leseni lazima zilingane?

2. Utajuaje kwamba gobore lina mzigo ndani?

3. Fataki ikilia na bunduki isilie, utafanya nini?

4. Kwa nini tunatoa taarifa kijijini kabla ya kujaribu bunduki?

5. Nyumbani kwako kuna chombo gani kingine cha hatari ambacho mwenye kukijua hajaandika jinsi ya kukitumia? Andika mistari mitano juu yake, uisome mbele ya wenzako wiki ijayo.